Kura Ambayo Haikufika Tarime

Mpaka wa Sirari haukupigiwa kura. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana, wakiwa hukohuko Ulaya, kwamba mstari utoke mdomo wa Mto Umba pwani, uuzunguke Mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha unyooke hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria, mahali unapokutana na nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mstari huo ukifika kwetu unapita katikati ya Wakuria. Wairege wako huku na wako kule. Wanyabasi vivyo hivyo, na Wakira. Shangazi zangu wawili, waliozaliwa boma moja wilayani Tarime, wameolewa mmoja Kehancha na mwingine Nyamwaga. Wa Kehancha ni Mkenya, wa Nyamwaga ni Mtanzania, na siku za kawaida tofauti yao haizidi aina ya noti waliyofunga kwenye pindo la kanga.

Ila ipo tofauti moja ambayo nimekuwa nikiifuatilia tangu nianze shahada ya uzamili ya historia. Shangazi wa Kehancha ameulizwa mara mbili, mwaka 2005 na mwaka 2010, kama anaikubali Katiba itakayomtawala. Mara ya kwanza nchi yake ilijibu hapana, mara ya pili ikajibu ndiyo. Shangazi wa Nyamwaga hajaulizwa hata mara moja. Tanzania Bara, tangu uhuru wa 1961, haijawahi kupiga kura ya maoni ya kitaifa. Iliahidiwa moja. Sheria yake ilitungwa, tarehe ikatajwa, 30 Aprili 2015, na mpaka leo tarehe hiyo haijafika.

Kwanza neno lenyewe, maana lina mtego. Ukitamka "kura ya maoni" pale stendi ya Tarime, wengi watakaokusikia watawaza mchujo wa ndani ya chama: wanachama wamepanga foleni, wanamchagua atakayepeperusha bendera kwenye ubunge au udiwani. Na kila mtu anajua kwamba mchujo ule si wa mwisho. Aliyeongoza anaweza kukatwa kwenye vikao vya juu, wa tatu akarudi na jina. Kwa hiyo neno limezoeleka kwa maana yake nyepesi kabisa: umesema, tumekusikia, tutaamua. Wakenya wengi husema kura ya maamuzi, na sidhani kama ni bahati tu kwamba wanaosema hivyo ndio walioipiga.

Mwaka 2005 nilikuwa na miaka 7, na ninachokumbuka ni matunda. Tume ya uchaguzi ya Kenya ilikuwa imewapa waliounga mkono rasimu alama ya ndizi, waliopinga alama ya chungwa. Sasa Tarime ni kwa ndizi. Malori yanapakia huku milimani na kushusha hadi Mwanza, na soko la Sirari hujaa wanunuzi kutoka ng'ambo. Msimu ule mama akibeba mkungu kichwani alitaniwa na Wakenya kwamba anampigia Kibaki kampeni, na wauza machungwa walijiona wana siasa bila kujua walipoipatia.

Yaliyokuwa nyuma ya matunda hayo nimeyasoma baadaye. Tume iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilikuwa imekusanya maoni nchi nzima, na mkutano wa Bomas ukamaliza rasimu Machi 2004. Mwezi huohuo Mahakama Kuu, katika kesi aliyoifungua Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, ilisema Katiba mpya haiwezi kuishia bungeni. Lazima wananchi wenyewe waipitishe kwa kura. Ilionekana ni ushindi wa wananchi. Lakini kati ya Bomas na sanduku la kura, upande wa serikali uliifungua rasimu tena na kuigusa pale palipouma zaidi, kwenye madaraka ya Rais na ya Waziri Mkuu. Iliyochapishwa na Mwanasheria Mkuu Amos Wako mwaka 2005 haikuwa ileile iliyotoka Bomas. Mawaziri wakagawanyika, wengine wakaenda kwenye chungwa hadharani. Tarehe 21 Novemba kiasi cha asilimia 58 ya waliopiga kura walikataa, na siku mbili baadaye Rais Kibaki akalivunja baraza lake lote la mawaziri.

Wapo wanaosema kura ile haikuhusu Katiba, ilimhusu Kibaki, na kwamba watu hawakuisoma rasimu. Huenda wengi hawakuisoma kweli. Lakini mimi naona walijibu swali lililokuwa mbele yao kwa usahihi kuliko wanavyopewa sifa. Mtu akikuletea mkataba mliouandika pamoja, ukagundua usiku amebadilisha kurasa tatu, huhitaji kuzisoma zilizobaki ndipo ukatae kusaini.

Hapana ile iliacha makovu. Kambi ya chungwa iligeuka chama, chama kikaingia uchaguzi wa 2007, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,000. Sisemi kura ndiyo iliyoua. Nasema mwaka 2010 Wakenya waliporudi kwenye sanduku walirudi wakijua bei ya kuuliza vibaya. Safari hii Kibaki na Raila Odinga walikuwa upande mmoja. Rasimu iliandaliwa na kamati ya wataalamu ambayo si Rais wala mpinzani wake aliyeweza kusema ni yake peke yake. Matunda yaliachwa, zikatumika rangi, kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana. Na sharti liliongezwa: haitoshi kupata zaidi ya nusu ya kura zote, lazima pia upate angalau asilimia 25 katika mikoa 5 kati ya 8, ili isitokee mikoa michache yenye watu wengi ikazitungia sheria nyingine. Tarehe 4 Agosti ndiyo ilishinda kwa takriban theluthi mbili, na tarehe 27 mwezi huo Katiba ikatangazwa rasmi Uhuru Park.

Kwa Wakuria wa kule matokeo yake yanahesabika kwa vidole. Jimbo lao moja la Kuria likagawanywa, na tangu uchaguzi wa 2013 wana wabunge wawili, wa Kuria Magharibi na wa Kuria Mashariki. Pia wakaingizwa kaunti ya Migori, ambako wao ni wachache, na shangazi wa Kehancha analalamikia jambo hilo mpaka kesho. Analalamika lakini kama mtu anayemlalamikia ng'ombe aliyemnunua mwenyewe mnadani: anajua siku, anajua bei, anajua mkono wake ulikuwepo.

Visiwani nako walipiga kura yao mwaka uleule. Wasomaji wa Bara huwa tunaisahau. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume alikutana Ikulu na Maalim Seif Sharif Hamad, watu ambao vyama vyao vilikuwa vimezika wafuasi baada ya uchaguzi wa 2000. Wakakubaliana jambo la msingi: anayeshindwa asitupwe nje ya serikali. Baraza la Wawakilishi likaandaa utaratibu, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakaulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 wakakubali. Uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ukapita kwa utulivu ambao watu wa Pemba waliusimulia kwa mshangao.

Ninachokiona katika kura ya Zanzibar na ile ya Kenya ya 2010 ni kwamba kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika kabla ya mtu yeyote kuchovya kidole kwenye wino. Mahasimu walikuwa wameshakaa meza moja, na wananchi walipewa nafasi ya kupiga muhuri au kuunyima. Pale ambapo wakubwa hawajapatana, kura huwa uwanja mwingine wa ugomvi uleule. Uingereza mwaka 2016 waliulizwa kama wabaki Umoja wa Ulaya au watoke, asilimia 51.9 wakasema watoke, na wanasiasa wao wakakaa zaidi ya miaka mitatu wakibishana kutoka maana yake nini.

Nirudi nyumbani.

Safari yetu ilianza vizuri kuliko watu wanavyokumbuka. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ilipitishwa 2011. Aprili 2012 Rais Jakaya Kikwete akaiapisha Tume, mwenyekiti wake Jaji Joseph Warioba, mtu wa Bunda, mkoa wetu wa Mara. Hapa nitaomba nichepuke kidogo. Mwalimu Nyerere wa Butiama ndiye aliyeipinga kwa nguvu zake zote hoja ya serikali tatu miaka ya mwanzo ya 1990, hadi akaiandikia kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Na aliyekuja miaka 20 baadaye na rasimu ya serikali tatu ni mtu wa mkoa uleule, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Nyerere mwenyewe. Wakituambia watu wa Mara tunabishana mno, tunajibu kwamba nchi nzima imekuwa ikisikiliza ubishi wetu wa ndani.

Mwaka 2012 Tume ilizunguka mikoani. Upande wa mama yangu ni Wangoreme wa wilaya ya Serengeti, na babu, mzaa mama, alikwenda kwenye mkutano mmoja wa kutoa maoni. Alisubiri jua hadi likampanda utosini, akapewa nafasi, akasimama. Alizungumzia tembo. Tembo wanaotoka porini usiku na kumaliza shamba la mahindi kabla jogoo hajawika. Alitaka Katiba iseme kati ya tembo na mtu nani analipwa, na kwa haraka kiasi gani. Kwa mtu anayelima karibu na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti hilo ni swali la kikatiba kabisa: ardhi hii ni ya nani, na nani aliulizwa ilipogawanywa. Mipaka ya hifadhi nayo, kama ule mstari wa 1886, haikupigiwa kura na watu wa Serengeti.

Sasa angalia maneno ya babu yalivyogeuka hesabu. Machi 2014 Jaji Warioba alisimama mbele ya Bunge Maalum la Katiba Dodoma kuwasilisha Rasimu ya Pili. Alisema kati ya wananchi wa Bara waliotoa maoni kuhusu muundo wa Muungano, asilimia 61 walitaka serikali tatu, na Zanzibar asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba. Siku tatu baadaye Rais Kikwete alilihutubia Bunge hilohilo na kuchukua takwimu zilezile za Tume: watu waliotoa maoni walikuwa zaidi ya 351,000, na walioongelea muundo wa Muungano walikuwa kama 47,000 tu, chini ya asilimia 14. Kwa hiyo, kwa hoja yake, walio wengi hawakuliona jambo hilo kuwa tatizo.

Babu yangu yumo kwenye wale 300,000 na ushee. Hakutaja Muungano, alitaja tembo, na ukimya wake ukahesabiwa. Hakuna aliyedanganya hapo, hesabu zote mbili ni sahihi. Lakini ndiyo maana kura ya maoni iliyo huru ina thamani yake: inamtoa mtu kwenye tafsiri ya wengine. Ukimuuliza babu serikali mbili au tatu atakujibu, tena kwa kirefu. Asipoulizwa, wengine watamjibia.

Lakini hata kuuliza kuna namna. Rasimu ilipoingia Bunge Maalum ilitoka nyingine. Serikali tatu zikaondolewa, zikarudi mbili. Wajumbe wa upinzani waliojiita UKAWA walikuwa wametoka ukumbini tangu Aprili 16 na hawakurudi. Ilihitajika theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande wa Muungano, na upande wa Zanzibar hesabu ilibana kiasi kwamba kanuni zilibadilishwa ili waliokuwa mbali na Dodoma, wakiwemo waliokwenda hija Makka, waweze kupiga kura. Tarehe 2 Oktoba 2014 ikapita. Tarehe 8 Kikwete na Dk. Ali Mohamed Shein wakakabidhiwa Katiba Inayopendekezwa kwa shangwe na ngoma. Mtu aliyeishi Sirari akayaona ya 2005 alikuwa na haki ya kujiuliza kama hajawahi kuiona filamu hii.

Na hapa pana ugumu ambao wapinzani wa rasimu ile, nikiwemo mimi, hatupendi kuuongelea. Katiba Inayopendekezwa ilikuwa na mambo ambayo kwa Tarime yangekuwa makubwa. Ilitambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Ilitaka uwakilishi sawa wa wanawake na wanaume bungeni. Kwetu mjane anaweza kulima shamba miaka 30 na siku ya mazishi ya mume akaoneshwa kwamba shamba ni la ukoo. Kuna ndoa ya nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke ili apatikane mtoto wa kurithi, na ukiitazama kwa makini utaona ni jibu la kale kwa swali hilohilo la ardhi. Shangazi wa Nyamwaga, ambaye shamba lake liko kwa jina la shemeji yake, angeikuta ibara anayoitaka ndani ya kitabu chenye ibara karibu 300, kimefungwa kamba moja na mfumo wa Muungano asioutaka. Na kura ni moja, ndiyo au hapana, chukua furushi lote au liache. Wakenya walikutana na fundo hilohilo 2010, waliopenda sura ya haki na kuchukia sehemu nyingine. Wengi wao waliamua kupitisha kwanza na kurekebisha mbele ya safari. Wenye imani hiyo lazima wawe wanawaamini watakaorekebisha.

Kuna jambo jingine kuhusu shangazi na sanduku la kura. Wakuria tunao mkutano wa hadhara tunaouita iritongo. Ndiko yanakotatuliwa mambo ya wizi wa mifugo, ugomvi wa koo, mipaka. Watu wa nje wakiuona hupenda kuusifia kama demokrasia yetu ya asili, kwa sababu hakuna kuhesabu mikono; watu wanaongea hadi kauli inapatikana. Ni kweli, na kuna busara ndani yake, maana ukihesabu mikono unamtengeneza aliyeshindwa, naye ana mishale nyumbani. Lakini waongeaji ni wanaume, na nyuma yao kuna baraza la wazee, inchama, ambalo maamuzi yake hayatolewi hadharani. Kunyamaza huchukuliwa kuwa ni kukubali. Wazee wa ukoo wakitangaza msimu wa tohara, mabinti wakiwemo, hakuna msichana anayeulizwa, ingawa ukeketaji wa mtoto ni kosa la jinai tangu sheria ya 1998. Chumba cha kupigia kura hakizidi boksi la kadibodi juu ya dawati la shule. Wilayani Tarime ni mahali ambapo mwanamke anaweza kusema hapana bila mume, shemeji wala mzee wa ukoo kuisikia sauti yake. Kumnyima swali ni kumnyima pia chumba kile.

Simaanishi kila jambo lipelekwe kwenye kura. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza Watanzania kama wanataka vyama vingi, na kiasi cha asilimia 77 wakasema chama kimoja kinatosha. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na ilipofika 1 Julai 1992 tukawa navyo. Ingekuwa kura ya maoni, upinzani wote tunaoujua, pamoja na wabunge ambao Tarime iliwahi kuwachagua kutoka upinzani, ungekuwa umekataliwa na walio wengi. Huwa nawapa wanafunzi wenzangu mfano huu kila wanaponiambia wengi hawakosei. Wananijibu kwamba kwa mantiki hiyo serikali itakuwa inaruhusiwa kuwapuuza wengi kila ikijiona ina busara kuwazidi. Hapo huwa tunaagiza chai nyingine.

Kilichoizuia kura ya 30 Aprili, kwa maelezo rasmi, ni daftari. Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliamua kuandikisha wapiga kura upya kwa mashine za BVR, zinazochukua alama za vidole na picha. Kazi ilianza Februari 2015 mkoani Njombe, na mashine zilikuwa chache. Mwanzoni mwa Aprili karibu nchi nzima ilikuwa bado inasubiri zamu. Tarehe 2 Aprili mwenyekiti wa Tume, Jaji Damian Lubuva, akatangaza kwamba kura imeahirishwa. Siku hiyohiyo magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, na huku mpakani, ambako redio za Kenya husikika kuliko za kwetu, habari ya kuahirishwa ilizama ndani ya majonzi ya jirani.

Daftari si kisingizio cha kuchekwa. Anayeandikwa ndiye anayeamua, na Afrika Mashariki tuna kielelezo cha wazi. Novemba 1964 Uganda iliwauliza watu wa Buyaga na Bugangaizi, zile kaunti zilizopotea, kama wabaki Buganda au warudi Bunyoro. Kabaka Mutesa alikuwa ameshawahamishia Ndaiga wanajeshi wastaafu wa Kiganda ili waongeze kura. Serikali ya Obote ikaamua kwamba watakaopiga kura ni wale tu waliokuwemo kwenye daftari la 1962. Kwa uamuzi huo wa karani mchezo ukaisha kabla haujaanza. Kaunti zikarudi Bunyoro, Kabaka akakataa kuweka saini, na ufa kati yake na Obote ukafika hadi mapigano ya 1966. Kwa hiyo Tume kusema haiendi kwenye kura bila daftari kamili ni sawa kabisa.

Ila naamini daftari liliiokoa serikali. Tazama hali ilivyokuwa mwezi Machi. UKAWA walikuwa wametangaza kuisusia kura. Jukwaa la Wakristo Tanzania lilikuwa limetoa tamko kuwataka waumini waipigie hapana, na Mara ni mkoa wa makanisa. Ushindi ulihitaji zaidi ya nusu Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande peke yake, na Zanzibar ndiko kulikokuwa na shaka kubwa zaidi. Miezi sita kabla ya uchaguzi mkuu, hakuna chama tawala kinachopenda kujaribu hapana ina ladha gani.

Na hapana ndiyo tuliyoikosa. Nikiilinganisha miaka yetu 10 na ushee na ya jirani, naona Wakenya walipata Katiba ya 2010 kwa sababu walikuwa wameikataa ya 2005. Kukataa kuliwaambia wanasiasa waziwazi nini hakipiti: msiiguse rasimu gizani, msije bila mahasimu wenu. Somo hilo liliwakaa kiasi kwamba Machi 2022 Mahakama ya Juu yao iliizima safari nzima ya BBI kuelekea kura nyingine kwa sababu Rais ndiye aliyeianzisha mwenyewe na kuiita ya wananchi. Sisi hatujasema ndiyo wala hapana. Katiba Inayopendekezwa haijakataliwa na haijakubaliwa, kwa hiyo kila anayetaka kuianza upya anaambiwa kuna nyingine inasubiri, na kila anayetaka kuimalizia ileile anaambiwa imepitwa na wakati. Oktoba 2022 Kikosi Kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala kilimkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan ripoti iliyotaka mchakato ufufuliwe. Wapiga kura wapya wa mwaka ule walikuwa darasa la nne au la tano tarehe 30 Aprili ilipopita.

Mashine za BVR zilipofika Mara tarehe ile ilikuwa imeshapita. Shangazi wa Nyamwaga alipanga foleni, akapigwa picha, akaweka vidole, akapewa kadi. Aliitumia Oktoba kumchagua rais, mbunge na diwani.

Desemba iliyopita nilimpelekea babu nakala ya Rasimu ya Warioba na nyingine ya Katiba Inayopendekezwa. Macho yake yamefifia, kwa hiyo nilisoma kwa sauti kibarazani, sura ya ardhi na maliasili, mara hii, mara ile, ili asikie zinapotofautiana. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza juu ya yule kijana wa Tume aliyekuwa amekaa mezani siku ile, akiandika kila mtu anachosema. Anamkumbuka kwa sababu alimwomba arudie sentensi ya mwisho ili aipate vizuri. Nilimweleza kwamba Tume ilivunjwa Machi 2014 na tovuti yake ikafungwa. Babu akasema hajaulizia tovuti. Aliandika kwa kalamu, kwenye karatasi, na karatasi ile anataka kujua iko wapi.